Usiku Mmoja Kwenye Majivu

Leithi ya Mjomba inapoanza kulia, majirani zetu wa Mji Mpya hawageuki. Wamezoea. Mgeni ndiye anayesimama barabarani na kuuliza kuna nini, kwa sababu mlio wenyewe ni mzito, kama honi ya lori iliyokwama, na unatoka kwenye kibanda cha mabati kisichoonekana kama kina kitu cha kulia namna hiyo.

Siku moja ya Oktoba 2024 nilikuwa nimesimama kando ya mashine hiyo na simu mkononi, nikiurekodi mlio kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mjomba alikuwa anachonga shafti yenye kipenyo cha milimita 50 na urefu wa karibu sentimita 90. Chuma kilikuwa kinazunguka mara 355 kwa dakika. Kisu kilipofika katikati, mbali na ncha zote mbili zilizoishikilia shafti, mlio ukaanza. Nikatazama simu. Programu ilionyesha kilele kimoja kirefu: mitetemo 130 kwa sekunde.

Nikapiga hesabu palepale. Mizunguko 355 kwa dakika ni mizunguko 5.9 kwa sekunde. Gawanya 130 kwa 5.9, unapata 22. Kama yale niliyosoma chuoni ni kweli, basi juu ya ile shafti kulipaswa kuwa na mawimbi 22 kuizunguka, madogo kiasi cha kuonekana kwa shida lakini yanayoshikika kwa ukucha.

Mjomba akazima mashine. Nikachukua chaki, nikaweka alama pa kuanzia, nikaanza kuhesabu kwa ukucha wa kidole gumba huku nikiizungusha shafti taratibu. Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Kidole kikarudi kwenye chaki.

“Mjomba, umeona?” nilipiga kelele kwa furaha.

“Nimeona makunyanzi, Mjomba,” akajibu. Kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina hilohilo. “Sasa yaondoe.”

Nilicheka, lakini kuna jambo lilikuwa limenigusa. Mjomba hakuzima mashine kwa sababu ya ule mlio. Aliizima kwa sababu kiganja chake kilikuwa juu ya kichwa cha nyuma cha leithi na kilikuwa kimeanza kutikisika. Miaka michache nyuma angeizima kabla mimi sijasikia chochote. Sasa nilisikia mimi kwanza, simu ikafuata, na yeye akawa wa mwisho.

*

Mjomba alijifunza kazi Mang'ula, kule Kilombero, katika karakana zilizotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA, ule uliofanywa na Wachina na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975. Alifika pale kijana, reli ikiwa imekwisha zamani na mashine zikiwa zimebaki kutengeneza vipuri. Anaposimulia siku zile, hasimulii watu. Anasimulia mashine: ile ndefu iliyokuwa karibu na mlango, ile iliyokuwa na sauti ya mbuni, ile ambayo hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuigusa. Kazi zilipopungua alihamia Morogoro mjini na baada ya miaka mingi ya kuchongea watu wengine akanunua leithi yake, kuukuu, kwa fedha ambazo mpaka leo shangazi hataki zitajwe.

Sisi ni Waluguru. Kwetu ukoo unafuata mama, na milimani ardhi imekuwa ikirithiwa kwa upande huo. Mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye mwenye neno. Mjini mambo yamechanganyika. Watu wanagawa mali wanavyoelewana. Lakini Mjomba ni mtu wa zamani katika hili. Tangu nikiwa kidato cha pili amekuwa akinionyesha ile leithi na kusema, “Hii ni yako.” Alinilipia ada kwa fedha za shafti na puli. Binamu yangu, mtoto wake wa kumzaa, ndiye anayeshinda pale kila siku akichomelea. Yeye naye ana wajomba zake upande wa mama yake, lakini wale wana mashamba ya mboga Mgeta. Hawana leithi.

Hatukuwahi kuliongea jambo hilo, mimi na binamu. Lilikuwa hapo tu, kama kelele za mashine.

*

Kwa kuwa nitatumia neno “mtetemo” mara nyingi, niueleze vizuri. Watu wengi hudhani mashine inatetemeka kwa sababu ni mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hata mashine nzima inaweza kulia, na sababu yake iliwasumbua watu kwa muda mrefu. Frederick Taylor, Mmarekani aliyefanya majaribio ya ukataji wa chuma kwa miaka 26, aliandika mwaka 1907 kwamba hili ni miongoni mwa matatizo magumu kabisa ya fundi wa mashine na kwamba hakuna kanuni inayoweza kumwongoza. Jibu lilianza kupatikana miaka ya 1950, pale watafiti kama Tlusty wa Chekoslovakia na Tobias aliyekuwa Uingereza walipouliza swali tofauti: kisu kinakata nini hasa?

Jibu ni kwamba kisu hakikati chuma kipya. Kinakata uso ambao chenyewe kiliuacha mzunguko uliopita. Kama mzunguko uliopita kilitikisika kidogo na kuacha wimbi, sasa kinalipanda lile wimbi. Panapoinuka kinakutana na chuma kinene, panaposhuka chembamba. Nguvu inapanda na kushuka, shafti inasukumwa na kurudi, na wimbi jipya linaachwa, kubwa kuliko la kwanza. Mzunguko unaofuata unalikuta hilo. Ndani ya sekunde moja au mbili mtaa mzima unasikia.

Kwa hiyo tiba ziko za aina nyingi. Unaweza kupunguza kina cha kukata. Unaweza kuishikilia shafti katikati isipepesuke, maana ukiongeza urefu unaoning'inia mara mbili, ugumu wake wa kukataa kupinda unapungua mara nane. Unaweza pia kubadilisha kasi, na hapa ndipo nilipokuja na kiburi changu. Vitabu vinaonyesha kwamba ukipata kasi sahihi, wimbi la zamani na wimbi jipya vinakwenda sambamba, unene wa chuma kinachokatwa haubadiliki, na mashine inatulia. Mara nyingine kasi hiyo ni kubwa zaidi, si ndogo. Nilimwambia Mjomba aongeze kasi. Yeye siku zote hupunguza.

Tulijaribu. Tuliongeza, ikalia zaidi. Tukaongeza tena, ikalia kwa sauti nyingine. Mjomba akarudisha gia hadi chini, chuma kikawa kinazunguka kivivu, na kelele ikafa.

Usiku ule nilirudi kwenye vitabu nikakuta nilichokiruka. Ule ujanja wa kupanda kasi unalipa kwenye mashine zinazozunguka maelfu mengi kwa dakika, zile zinazokata aluminiamu ya ndege. Kwenye leithi ya zamani, ambako kila mzunguko unabeba mawimbi 22, zile kasi tulivu ni nyembamba na zimebanana kiasi kwamba huwezi kuipata moja kwa gia chache ulizonazo. Na ukipunguza kasi, mawimbi yanakuwa mafupi na yenye mteremko mkali, tumbo la kisu linayasugua, na msuguano huo unaua mtikisiko. Mjomba hakuwahi kusoma hayo. Alikuwa ameyafanya tangu Mang'ula.

Nilimweleza kesho yake, kwa sauti kubwa na kwa mikono. Akasikiliza hadi mwisho. “Kwa hiyo kitabu kinakubaliana na mimi,” akasema, na akaendelea na kazi.

*

Ile shafti ya mawimbi 22 ilikuwa mpya, tuliyoikata kwa ajili ya majaribio. Kazi halisi ya pale ni tofauti. Shafti nyingi zinazoletwa ni za mashine za kusaga. Zinatoka Mkuyuni, Matombo, Mvomero, Melela. Sehemu inapokaa beringi imelika, beringi inacheza, mashine inatikisika. Shafti mpya ni ghali, kwa hiyo zinajazwa: binamu anachomelea mstari juu ya mstari hadi sehemu iliyolika inakuwa nene kuliko inavyotakiwa, kisha Mjomba anaichonga kurudi kwenye kipimo.

Nilipoanza uzamili Dar es Salaam, tulifundishwa kwamba kuna njia mbili za kuunda kitu. Ya kwanza ni kupunguza: unachukua kipande kikubwa na kukata hadi kibaki unachotaka. Ya pili, ambayo ilizungumzwa kama jambo la kesho, ni kuongeza: unajenga kitu tabaka kwa tabaka kwa printa ya 3D. Nilikaa darasani nikifikiria kibanda cha mabati cha Mji Mpya, ambako zote mbili zilikuwa zikifanyika kwenye shafti moja asubuhi na mchana, na hakuna aliyekuwa akiziita za kesho.

Chuoni tulikuwa na printa ndogo ya plastiki. Nilihitaji kishikilia simu cha kufunga kwenye leithi, nikakichora na kukichapisha kwa plastiki ya ABS. Mara ya kwanza kona zake ziliinuka kama chapati inayoungua. Mara ya pili vilevile. Sababu yake ni rahisi. Plastiki inatoka kwenye pua ya printa ikiwa na joto la nyuzi zaidi ya 200, inatua juu ya tabaka lililokwisha kupoa, kisha nayo inapoa na kutaka kujikunyata. Lile la chini linakataa. Kila tabaka linaongeza mvutano wake kidogo, na mwisho kona zinashindwa kuvumilia. Na kuta za kile kishikilia zilikuwa na vivuli vya mawimbi karibu na kila pembe, mahali ambapo kichwa cha printa kilikata kona ghafla na kutikisika. Mtetemo na kupinda, vyote kwenye kipande kimoja cha plastiki.

Nilitibu kupinda kwa boksi la katoni. Niliifunika printa nzima ili hewa ya dirishani isiipoze, nikaiacha ipoe humo taratibu hadi asubuhi. Kona zikakaa chini. Nilijivunia sana lile boksi. Nilipiga hadi picha.

Ninalitaja kwa sababu linanihukumu. Jambo nililolitibu kwenye plastiki kwa boksi la katoni ndilo nililolikuta kwenye chuma na sikulitambua.

*

Mjomba ana utaratibu wake wa shafti za kujazwa. Binamu anachomelea mstari mmoja juu, anageuza shafti, anachomelea mwingine upande wa pili, ili mivutano ishindane. Kisha wanasubiri jioni. Mjomba anawasha mkaa, binamu anavuvia, na ile sehemu iliyojazwa inawekwa motoni ikizungushwa taratibu hadi ianze kuwa nyekundu kwa mbali, wekundu ambao mchana huwezi kuuona. Ndiyo maana ni lazima giza liingie. Kisha shafti inasimamishwa wima kwenye pipa la majivu makavu, inafukiwa, kichwa tu kinachungulia, na inalala humo. Kesho yake ndiyo inachongwa.

Tangu utotoni nilidhani ni mila tu.

Alhamisi moja mwishoni mwa Oktoba, Mjomba alikwenda hospitali kupimwa masikio. Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja kutoka Mkuyuni, shafti ikiwa imefungwa kwa khanga kwenye bajaji. Nikamwamkia. Akaeleza kwamba mashine yake ndiyo pekee pale anapokaa, na kwamba watu wameanza kubeba mahindi hadi kijiji cha pili.

“Mwanangu, leo naipata?”

Nami nilikuwa na haraka zangu. Jioni hiyo nilikuwa na tiketi ya treni ya umeme kwenda Dar, na Ijumaa asubuhi nilikuwa nakutana na msimamizi wangu. Nilitaka kwenda na shafti halisi kwenye data zangu, si chuma cha majaribio. Nikamwambia mama ataipata.

Binamu akachomelea. Alipomaliza akasema, “Mzee huwa anazipitisha motoni kwanza.”

Nilimjibu kitaalamu. Nilimwambia kwamba kupoza taratibu kunasaidia chuma chenye kaboni nyingi kisigeuke kigumu na kupasuka, na kwamba hiki si cha namna hiyo. Sikuwa nadanganya. Nilichosema ni kweli tupu. Ila kilikuwa jibu la swali jingine. Binamu alinitazama, akafuta mikono, akanyamaza. Hakusema mara ya pili.

Nilichonga mwenyewe. Nilifunga kishikio cha katikati, nikaweka gia ya chini, nikakata kidogo kidogo. Leithi haikulia hata mara moja. Simu ilionyesha mstari mtulivu usio na kilele. Nikaweka saa ya kupimia juu ya shafti, nikaizungusha: ilicheza milimita 0.03. Uso wake uling'aa kiasi cha kujitazama. Nikapiga picha. Kisha tukakata mfereji mpya wa kii, ile inayoifunga puli isizunguke peke yake, maana wa zamani ulikuwa umeliwa. Baada ya hapo sikupima tena. Muda ulikuwa umekwenda.

“Imenyooka?” mama aliuliza akiifunga kwenye khanga.

“Imenyooka, mama.”

Kwenye treni nilitazama ile picha njia nzima.

*

Simu ya mama iliingia siku ya tisa. Beringi zimekufa. Boliti za msingi zimelegea. Mashine inaruka kama inataka kutoka nyumbani.

Nilirudi Morogoro Jumamosi. Mama alikuwa amekwisha kuileta shafti, na safari hii hakuifunga kwenye khanga. Niliiweka kwenye leithi, nikasogeza saa ya kupimia, nikaizungusha kwa mkono. Sindano ilikwenda, ikaenda, ikarudi. Milimita 0.4.

Ni kitu kidogo. Ni unene wa karatasi nne za daftari. Lakini shafti ikicheza 0.4, kitovu chake kimehama 0.2, na ile rota yenye nyundo za kusagia, tuseme ina kilo 20, ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, inavuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 37. Inavuta huku, inavuta kule, mara 48 kila sekunde. Hizo beringi zilikuwa zikipigwa hivyo kuanzia asubuhi hadi jioni kwa wiki nzima.

Nilijua kilichotokea kabla sijamaliza kuiangalia. Kila mstari wa kuchomelea ulikuwa umetua juu ya chuma cha baridi, umepoa, umejikunyata, na chuma cha chini kimeukatalia. Shafti ilikuwa imenyooka kwa sababu mivutano ilikuwa inavutana sawasawa, kama kamba ambayo timu zote mbili zinaivuta na haisogei. Nilipochonga niliondoa wachezaji pande zote kwa usawa. Tulipokata mfereji wa kii tuliwaondoa upande mmoja. Sehemu ya mvutano ikaachiliwa palepale, nyingine ikaachiliwa kidogo kidogo na joto na mtikisiko wa kazi. Leithi haikulia kwa sababu hakukuwa na cha kuiliza. Mtetemo una sauti. Huu mvutano hauna. Mimi nilikuwa nimejifundisha mwaka mzima kusikiliza kwa simu.

Ule moto wa jioni una maelezo yake. Vitabu vinasema chuma cha kawaida kikipashwa hadi karibu nyuzi 600 na kuachwa kipoe polepole, mivutano ya ndani inalegea. Na chuma huanza kutoa wekundu hafifu, unaoonekana gizani tu, kikipita nyuzi 500 na kidogo. Mjomba hana kipimajoto. Ana giza. Hata viwanda vinavyochapisha vipuri vya ndege kwa leza na unga wa chuma hufanya jambo la namna hiyo: kipande kinaingizwa kwenye tanuru kikiwa bado kimeshikamana na bamba kilichojengewa, maana ukikikata kwanza kitajikunja mbele ya macho yako.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi. Hakunifokea. Alisema tu, “Mwanangu, ulisema imenyooka.”

*

Ilibidi nimwambie Mjomba. Na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamefikia pale yalipofikia, jambo ambalo ningependa kulinong'ona ilinilazimu kulipigia kelele. Nilisimama mbele yake nikapaza sauti kwamba sikuiweka motoni. Binamu alisikia, mama alisikia, muuza mihogo wa nje alisikia.

Mjomba akamgeukia mwanawe. “Ulimwambia?”

“Nilimwambia.”

“Mara ngapi?”

“Mara moja.”

“Na kwa nini si mara tatu?”

Binamu hakujibu. Mimi nilijua kwa nini. Mtu hasemi mara tatu kwenye mashine ambayo ameambiwa tangu utotoni kwamba ni ya mwenzake. Nadhani Mjomba naye alijua, kwa sababu alitazama chini, akaanza kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

Beringi mbili nilizilipia mimi. Mama tukamwombea nafasi kwa jamaa mmoja mwenye mashine jirani, amsagie wateja wake kwa siku mbili. Ile shafti haikuwa ya kunyooshwa. Tulianza upya na chuma kingine, na kwa kuwa chuma tulichokipata kilikuwa chembamba kuliko kinachohitajika pale beringi zinapokaa, binamu akajaza. Mstari juu, geuza, mstari chini. Safari hii nilimshikia.

Jioni tulisubiri giza. Milima ya Uluguru iliondoka kwanza, kisha paa za jirani, kisha tukabaki na mkaa. Mjomba aliinama juu ya moto akizungusha shafti kwa koleo. Nilimuuliza anajuaje kwamba inatosha. Hakusikia. Nikamgusa bega, nikaonyesha. Akanivuta hadi uso wangu ukawa pembeni ya wake, akaziba mwanga wa mkaa kwa kiganja, na nikaona: wekundu mchovu, kama wa jua nyuma ya vumbi, ambao ukiutazama moja kwa moja unapotea. Akahesabu kidogo kimoyomoyo, akanipa koleo. Tukaisimamisha kwenye pipa, tukaifukia.

Tulikaa nje tukila mihogo. Nikasema, kwa sauti, kwamba ile leithi inapaswa kuwa ya binamu, kwamba mimi niko Dar na vitabu vyangu, na mwenye mikono pale ni yeye. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu kwenye treni.

Mjomba alitafuna hadi akamaliza. “Mimi sijafa,” akasema. “Pitisha chumvi.”

Binamu alicheka kwanza. Kisha sote.

*

Kwenye tasnifu niliongeza sehemu ambayo haikuwa kwenye pendekezo langu la utafiti. Msimamizi aliuliza inahusiana vipi na kichwa cha habari kinachosema mtetemo. Nikamjibu kwamba shafti ile haikutetemeka hata kidogo ilipokuwa inachongwa, na mashine ya mama ikatetemeka hadi ikafa. Akasema niiache, lakini niifupishe. Nimeifupisha. Milimita 0.03 na milimita 0.4 zipo pale, kwenye jedwali moja, na jina la aliyechonga ni langu.

Mjomba sasa ana kifaa cha kusaidia kusikia. Anakivaa akienda msikitini na anakivua akiingia karakanani. Anasema kinamletea kelele nyingi asizozihitaji. Binamu ameanza kuchonga. Ninapokwenda likizo namkuta kwenye leithi, baba yake amesimama nyuma, kiganja juu ya kichwa cha nyuma cha mashine, akimpigia bega kabla mlio haujaanza. Jambo la urithi halijaongelewa tena.

Ile asubuhi tulifukua majivu saa 12, kabla ya shangazi kuwasha moto wa chai. Nilidhani chuma kitakuwa baridi. Niliingiza mkono, nikauchomoa haraka. Bado kilikuwa na joto la usiku ule, kiasi cha sufuria ya uji iliyoachwa mezani. Mjomba akatikisa kichwa: bado. Tukaifukia tena, tukaenda kunywa chai.